Karl von Terzaghi

Karl von Terzaghi (Praha, 2 Oktoba 1883 – Winchester, Massachusetts, 25 Oktoba 1963) alikuwa mhandisi na mwanajiolojia mzaliwa wa Austria-Hungaria ambaye baadaye alichukua uraia wa Marekani. Anahesabiwa kuwa baba wa mekanika ya udongo, yaani sayansi inayochunguza jinsi udongo unavyobeba mizigo, unavyotitia na unavyoporomoka. Kanuni yake kuhusu maji yaliyomo ndani ya udongo na miamba hutumika hadi leo kueleza kwa nini kusukuma maji chini ya ardhi, kama inavyofanyika kwenye vituo vya umeme wa jotoardhi, huweza kuamsha matetemeko madogo ya ardhi na mara chache makubwa.

Utoto na masomo

Terzaghi alizaliwa katika ukoo wenye jina la asili ya Italia. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Kaisari wa Austria, na alipostaafu familia ilihamia mji wa Graz. Kijana Karl alipelekwa shule za bweni za kijeshi tangu akiwa na umri wa miaka kumi hivi, lakini hakufuata njia ya baba yake. Mwaka 1900 alijiunga na Chuo cha Ufundi cha Graz kusomea uhandisi wa mitambo, akahitimu mwaka 1904.

Hakuwa mwanafunzi mtulivu. Utundu wake ulikaribia kumfukuzisha chuoni, akaokolewa na mwalimu wake wa mekanika, Ferdinand Wittenbauer, aliyemtetea mbele ya wakubwa wa chuo. Alipokuwa akitumikia mwaka wake wa lazima jeshini alitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Kiingereza kuhusu jiolojia ya nyanjani, kisha akarudi Graz kusoma jiolojia kwa mwaka mmoja zaidi. Mchanganyiko huo wa mitambo na mawe haukuwa wa kawaida kwa mhandisi wa siku zile, na ndio uliomfaa maisha yake yote.

Miaka ya kwanza ya kazi

Alifanya kazi katika kampuni ya ujenzi ya Vienna, akasimamia shughuli za umeme wa maji na majengo huko Kroatia na Urusi, akapata shahada ya udaktari Graz mwaka 1912. Katika kazi hizo alikutana mara kwa mara na jambo lililomkera: hesabu za chuma na zege zilikuwa kamili, lakini zile za udongo zilikuwa za kubahatisha. Majengo yalititia baada ya miaka kadhaa, kingo za mifereji zikaporomoka baada ya mvua, na hakuna aliyeweza kusema mapema ni lini wala kwa kiasi gani.

Mwaka 1912 alisafiri kwenda Marekani, ambako serikali ilikuwa ikijenga mabwawa makubwa katika majimbo ya magharibi. Alitumaini kwamba akikusanya taarifa za kutosha za jiolojia ya kila eneo na za mafanikio au hasara ya kila jengo, kanuni ingejitokeza yenyewe. Haikujitokeza. Alirudi Austria mwishoni mwa mwaka 1913 akiwa amevunjika moyo. Majina ya kijiolojia kama "mchanga" na "udongo mfinyanzi" hayakutosha, kwa sababu udongo wenye jina moja ulitenda kwa njia tofauti kabisa hapa na pale. Kilichokosekana kilikuwa vipimo.

Istanbul

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akiwa afisa, kisha akapangiwa kazi katika uwanja wa ndege wa majaribio karibu na Vienna. Mwaka 1916 alipelekwa Istanbul, mji mkuu wa Milki ya Osmani, kufundisha katika chuo cha uhandisi cha serikali. Dola hizo mbili ziliposhindwa mwaka 1918 alipoteza kazi hiyo, akapata nafasi ya kufundisha katika Robert College, chuo cha Wamarekani kilichopo juu ya mlangobahari wa Bosporus.

Hapo ndipo ilipozaliwa sayansi yake. Maabara hakuwa nayo. Vyombo vyake vya kwanza alivitengeneza kwa maboksi ya sigara, vyombo vya jikoni na mabaki ya vyuma. Wanafunzi wa leo wanaolalamika kwamba shule yao haina vifaa wangefaa kukumbushwa maboksi hayo.

Jaribio lake maarufu ni rahisi kulieleza. Udongo mfinyanzi uliolowa kabisa huwekwa ndani ya pete ya chuma, chini na juu yake yakiwa mawe yenye vitundu vinavyopitisha maji. Kisha uzito huwekwa juu. Mtu angetarajia udongo ugandamane mara moja, lakini haiwi hivyo: huanza kupungua polepole, kwa saa au siku, huku maji yakichuruzika nje. Terzaghi alielewa sababu. Maji hayakubali kubanwa kwa urahisi, kwa hiyo uzito unapowekwa ghafla yanaubeba yenyewe na shinikizo lake hupanda. Chembe za udongo bado hazijaongezewa mzigo. Maji yanapopata njia ya kutoka, shinikizo lake hushuka, mzigo huhamia kidogo kidogo kwenye chembe, nazo husogeleana. Hapo ndipo udongo hutitia.

Aligundua pia kwamba hesabu ya kuenea kwa shinikizo hilo la maji inafanana na hesabu ya joto linavyoenea ndani ya kipande cha chuma, ambayo wanahisabati walikuwa wameshaitatua karne moja kabla yake. Kutokana nayo hupatikana jambo ambalo kila mhandisi wa ujenzi hulijua: tabaka la udongo likiwa nene mara mbili, muda wa kutitia huwa mara nne. Alichapisha nadharia hiyo mwaka 1923, na mwaka 1925 akatoa kwa Kijerumani kitabu chake kuhusu mekanika ya udongo, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwanzo wa somo hilo. Mwaka huohuo aliitwa kufundisha katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT).

Kanuni ya mkazo halisi

Msingi wa kazi yake yote huandikwa kwa mstari mmoja:

mkazo halisi = mkazo wote − shinikizo la maji

Mkazo wote ni uzito wa kila kitu kilichopo juu ya sehemu fulani, kwa kila mita ya mraba. Shinikizo la maji ni la yale maji yaliyomo ndani ya vitundu na nyufa. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo inayobanisha chembe na chembe, au jiwe na jiwe, na ndiyo inayoleta msuguano. Maji yenyewe hayana msuguano wa kuzuia kitu kisiteleze.

Tuchukue mfano wa mwamba ulio mita 1,000 chini ya ardhi. Tukikadiria kwamba mita moja ya ujazo ya mwamba ina tani 2.6, uzito uliopo juu ni tani 2,600 kwa kila mita ya mraba. Nyufa zikiwa zimejaa maji hadi juu, shinikizo la maji ni tani 1,000. Kwa hiyo miamba miwili iliyolaliana hapo inabanwa kwa tani 1,600 tu. Kiasi cha msuguano cha mawe mengi ni karibu 0.6, basi nguvu inayozuia mwamba wa juu usiteleze juu ya wa chini ni tani 960. Sasa mtu achimbe kisima na kusukuma maji hadi shinikizo liongezeke kwa tani 500. Uzito wa juu haujabadilika hata kidogo, lakini mbano umeshuka hadi tani 1,100, na kizuizi cha kuteleza kimebaki tani 660. Ikiwa ardhi ilikuwa tayari inausukuma mwamba huo upande mmoja kwa nguvu ya tani 700, utateleza. Kuteleza huko kwa ghafla ndiko tunakokuita tetemeko la ardhi.

Mfano huu umerahisishwa, maana nyufa za kweli huwa zimeinama na mkazo wa pembeni haulingani na ule wa kutoka juu. Hata hivyo hesabu ya wataalamu hufuata njia ileile. Kwa miamba migumu kanuni ilirekebishwa baadaye, hasa kutokana na kazi ya Maurice Biot ya mwaka 1941, kwa kuwa jiwe halisalimu amri kwa maji kikamilifu kama udongo laini.

Ugomvi wa Vienna

Mwaka 1929 Terzaghi alirudi Ulaya kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna. Mwaka uliofuata alimwoa Ruth Doggett, Mmarekani msomi wa jiolojia, aliyekuwa msaidizi wake katika kazi hadi mwisho.

Katika chuo hichohicho alikuwepo Paul Fillunger, profesa wa mekanika, aliyekuwa ameandika juu ya shinikizo la maji ndani ya mabwawa ya mawe na zege hata kabla ya vita. Fillunger aliona hisabati ya Terzaghi haina msingi imara na kwamba inaweza kuwapotosha wajenzi. Mwaka 1936 alichapisha kijitabu kilichomshambulia Terzaghi na mwenzake Otto Karl Fröhlich, si kwa hoja za kisayansi tu bali pia kwa maneno yaliyogusa heshima yao. Jambo lilifikishwa mbele ya kamati ya chuo. Kamati iliona kwamba tuhuma hazikuwa na msingi, na Fillunger akawa katika hatari ya kupoteza kazi na jina. Mwezi Machi 1937 yeye na mke wake walijiua nyumbani kwao.

Habari hii mara nyingi husimuliwa kama ushindi wa Terzaghi, lakini si haki kuishia hapo. Katika kijitabu kilekile cha matusi Fillunger alikuwa ameweka milinganyo ya jumla zaidi kuhusu vitu vyenye vitundu vilivyojaa maji, na watafiti wa baadaye waliirudia na kuiona kuwa sahihi. Terzaghi alikuwa na kanuni inayofanya kazi kazini, Fillunger alikuwa na hisabati iliyo safi zaidi, nao hawakuweza kukaa meza moja.

Marekani na mabwawa

Mwaka 1936, katikati ya ugomvi huo, mkutano wa kwanza wa kimataifa wa mekanika ya udongo ulifanyika Chuo Kikuu cha Harvard, ukiandaliwa na Arthur Casagrande, mwanafunzi na msaidizi wake wa zamani. Terzaghi alichaguliwa rais wa chama cha kimataifa kilichozaliwa hapo, akakiongoza hadi 1957. Ujerumani ilipoimeza Austria mwaka 1938 alihamia Marekani moja kwa moja, akafundisha Harvard na kupata uraia mwaka 1943. Kitabu alichokiandika pamoja na Ralph Peck, kilichotoka mwaka 1948, kimewafundisha wahandisi wa nchi nyingi. Chama cha Wahandisi wa Ujenzi cha Marekani kilimpa Nishani ya Norman mara nne.

Sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ushauri. Afrika Mashariki ina alama yake katika Bwawa la Sasumua, nchini Kenya, lililojengwa miaka ya 1950 kwenye eneo la Kinangop ili kuupatia maji mji wa Nairobi. Udongo wa hapo ulionekana kuwa wa ajabu katika vipimo vya kawaida: ulishika maji mengi mno na ulikuwa mwepesi, dalili ambazo kwingineko zingeufanya ukataliwe. Terzaghi alieleza kwamba chembe zake zimeshikana katika vidonge vidogo vigumu vyenye vitundu, kwa hiyo maji mengi yaliyopimwa yamefungwa ndani ya vidonge hivyo na hayaudhoofishi udongo. Bwawa likajengwa kwa udongo huohuo, na makala yake ya mwaka 1958 kuhusu Sasumua bado husomwa na wanaojenga kwenye udongo wa nchi za joto.

Misri ilimweka mwenyekiti wa jopo la washauri wa Bwawa Kuu la Aswan, lakini alijiuzulu mwaka 1959 baada ya kutoelewana na wasanifu wa Kisovyeti. Bwawa la Mission huko British Columbia, Kanada, lililojengwa juu ya udongo laini wenye kutitia, lilikuwa miongoni mwa kazi zake ngumu za mwisho. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya kifo chake, lilipewa jina la Bwawa la Terzaghi.

Kutoka udongo hadi matetemeko

Mwaka 1959 Marion King Hubbert na William Rubey, wanajiolojia wa Marekani, waliichukua kanuni ya Terzaghi na kuipeleka kilomita kadhaa chini ya ardhi. Walitaka kueleza jinsi mabamba makubwa ya miamba yalivyoweza kuteleza umbali mrefu juu ya miamba mingine bila kuvunjikavunjika. Jibu lao lilikuwa shinikizo la maji. Walilionyesha kwa kopo tupu la bia lililotiwa ubaridi na kufunikizwa kwenye kioo kilicholowa: hewa ya ndani inapopata joto hutanuka, hulipunguzia kopo uzito wake juu ya kioo, nalo huteleza kwenye mteremko mdogo sana.

Uthibitisho ulikuja bila kupangwa. Mnamo Machi 1962 jeshi la Marekani lilianza kusukuma maji machafu ya kiwanda chake cha silaha za kemikali kwenye kisima chenye kina cha mita 3,671 karibu na Denver, Colorado. Mwezi uliofuata matetemeko yalianza katika eneo lisiloyazoea. Mwaka 1965 mwanajiolojia David Evans alionyesha kwamba yalipanda na kushuka kadiri maji yalivyosukumwa, na Februari 1966 kazi ikasimamishwa, zaidi ya lita milioni 600 zikiwa zimeshaingia. Lakini matetemeko makubwa zaidi, yaliyokaribia ukubwa wa 5, yalitokea mwaka 1967, kisima kikiwa kimefungwa zaidi ya mwaka mzima. Mwenye kukumbuka pete ya udongo ya Istanbul hatashangaa: shinikizo la maji huenea polepole, na kufunga bomba hakulirudishi. Linaendelea kusafiri ndani ya nyufa hadi likute ule ulio tayari kuteleza.

Kati ya 1969 na 1973 jaribio la makusudi lilifanyika kwenye visima vya mafuta vya Rangely, Colorado. Watafiti walipima msuguano wa mawe ya hapo maabarani, wakakokotoa shinikizo ambalo juu yake nyufa zingeteleza, kisha wakapandisha na kushusha shinikizo la visima. Matetemeko yaliwaka na kuzimika karibu kama walivyotabiri.

Katika vituo vya jotoardhi

Vituo vya jotoardhi hurudisha maji ardhini kwa sababu mbalimbali: kuondoa maji yenye chumvi yanayobaki baada ya mvuke kutenganishwa, kuzuia shinikizo la hifadhi ya chini lisishuke, au kufungua nyufa katika mwamba wenye joto lakini usiopitisha maji. Katika kazi hii ya tatu kuteleza kidogo ndiko kunakotafutwa. Pande mbili za ufa zina mikwaruzo. Zikiteleza hazirudi kukaa kama zilivyokuwa, na nafasi inayobaki huwa njia ya maji. Matetemeko madogo mno, ambayo binadamu hawezi kuyahisi, hurekodiwa kwa vipima-tetemeko na kuwaonyesha wahandisi maji yamefika wapi.

Maji baridi yana athari nyingine ambayo kanuni ya Terzaghi peke yake haielezi. Mwamba wa moto ukipozwa husinyaa, mbano kwenye nyufa zake hulegea, nao huteleza hata bila shinikizo kubwa. Katika The Geysers, California, ambako maji taka yaliyosafishwa huletwa kwa mabomba tangu 1997 kwa kuwa mvuke ulikuwa umepungua, kusinyaa huko huhesabiwa kuwa chanzo kikubwa cha maelfu ya matetemeko madogo ya eneo hilo.

Hatari ilionekana Basel, Uswisi, mji uliowahi kubomolewa na tetemeko la mwaka 1356. Desemba 2006 maji yalisukumwa kwa siku sita kwenye kisima chenye kina cha kilomita 5. Matetemeko yalipozidi, wahandisi walisimamisha pampu kama utaratibu wao ulivyotaka. Saa chache baadaye, Desemba 8, likaja la ukubwa wa 3.4, likapasua kuta na kusababisha madai ya fidia ya mamilioni ya faranga. Mradi ulifutwa mwaka 2009. Huko Pohang, Korea Kusini, tetemeko la takriban 5.5 lilijeruhi watu zaidi ya 100 tarehe 15 Novemba 2017, na jopo la wataalamu lililoteuliwa na serikali lilihitimisha mwaka 2019 kwamba maji yaliyosukumwa katika visima vya jotoardhi ndiyo yaliyoliamsha. Ufa wenyewe ulikuwa tayari umebeba mkazo wa asili. Maji yaliondoa kilichokuwa kikiushikilia.

Kenya huzalisha umeme wa jotoardhi Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, tangu 1981, chini ya kilomita 60 kutoka Sasumua. Hapo nyufa za Bonde la Ufa zilikwisha kufunguliwa na maumbile, na maji mengi yanayorudishwa ni yale yaliyotoka katika visima vyenyewe, kwa hiyo hali si sawa na ya Basel. Kazi kubwa ya wahandisi ni kuchagua visima vya kurudishia: vikiwa karibu mno na vile vya mvuke maji hupoza hifadhi, vikiwa mbali mno hayasaidii kushikilia shinikizo lake.